Jina Langu ni Kitenzi

Baba alinipa jina akitoka zamu,
kurunzi kwapani, bado inawaka,
vumbi la magunia limemkaa kwenye nyusi.
Karani wa Ligula akauliza: Mtoto nani?
Baba akasema: Linda.
Ndivyo alivyoambiwa na msimamizi
miaka saba, ghala namba tatu:
linda mlango, linda mizani, linda turubai,
linda hata korosho zilizooza, zimeshahesabiwa.
Aliona neno hilo limemlisha,
basi litanilisha na mimi.

Mama kitandani akacheka kwa furaha.
Felizarda wa Mueda,
aliyevuka Ruvuma na sufuria kichwani, vita nyuma yake,
alijua linda moja tu,
ile ya nyumba ya Wareno alikofua mashuka:
linda, waridi likichanua;
linda, bibi akijipima gauni kwenye kioo.
Yeye hakuambiwa hata mara moja.
Akamtazama mumewe, akawaza:
kumbe mtu huyu na rungu lake ana maneno matamu.

Miaka kumi na mmoja wakaishi hivyo,
kila mmoja akimsifu mwenzake
kwa jina alilolisikia peke yake.

Mimi ndiye niliyewavurugia.
Mwalimu Chilumba aliandika ubaoni, hali ya amri:
Soma. Kimbia. Linda.
Darasa zima likanigeukia.
Tangu siku hiyo wavulana wa Chikongola
wakiniona tu wananitupia baiskeli zao: Linda!
Nikauliza nyumbani, tunakula ming'oko,
jina langu maana yake nini.

"Mrembo," akasema mama.
"Askari," akasema baba, kwa wakati uleule.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana.
Walitazamana
kama watu wanaorudisha gunia kwenye mizani
baada ya kulipwa.
Jioni baba akavaa koti lake la mtumba,
akafika mlangoni, akarudi hatua mbili,
akamwambia mama, kwa sauti ya mtu
anayejaribu kiatu kisicho chake:
"Linda."
Mama akainamia sufuria, akaisugua mpaka ikang'aa,
ingawa ilikuwa safi.

Bibi mzaa baba, Myao wa Masasi, hakukubali yote mawili.
Kwao, alisema, kulindilila ni kungoja.
Nitangoja, au nitangojwa?
Hakufafanua. Aliendelea kumenya mhogo.
Na sista Mjerumani kule Ndanda,
akitafuta mshipa wangu na sindano mkononi,
akaniambia kwao linde ni mti,
maua yake huchemshwa, mtu akikohoa anakunywa.
Sijawahi kuuona. Siku hiyo nilikohoa makusudi.

Kisha chama cha ushirika kikanihamishia Lindi.
Nikafungua kamusi: lindi, shimo refu.
Nikacheka peke yangu kwenye chumba cha kupanga.
Linda wa Lindi:
mrembo wa shimoni,
au amri tu, kwamba shimo nalo lisiachwe bila mtu.

Baba hayupo tena.
Mama Kiswahili kinamvuja, gunia lenye tundu:
kwanza kilitoka cha sokoni,
kikafuata cha kanisani, sala katikati.
Kimebaki Kimakonde cha utotoni
na Kireno cha mashuka ya watu.
Nimeomba likizo, nimerudi Mtwara kumwogesha.
Jana usiku, maji bado yanamchuruzika shingoni,
alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa,
akasema: Linda.

Sikumuuliza ni ipi.
Nilichomeka neti chini ya godoro,
nikachana nywele zangu gizani, polepole, zote,
nikaweka kigoda mlangoni, nikakaa.
Redio ya jirani ilikuwa ikitaja bei ya korosho,
daraja la kwanza, daraja la pili.